Majuto ni Mjukuu wa Nani?

Mtu akisema anataka kuondolewa matiti kwa upasuaji ili kifua chake kilingane na jinsia anayojitambua nayo, swali la kwanza analotupiwa ni, "Na ukijuta?" Majuto ni mjukuu, tunamkumbusha.

Sawa, tumtafute huyo mjukuu. Mwaka 2023, jarida la JAMA Surgery lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kuhusu watu waliofanyiwa upasuaji huu angalau miaka miwili nyuma. Kati ya 235 waliostahili kuulizwa, 139 walijibu. Kwenye kipimo cha majuto cha 0 hadi 100, ukiwapanga kwa mstari, aliye katikati alipata 0. Kwenye kuridhika na uamuzi, alipata 5 kwa 5.

Enyewe, 96 hawakujibu. Huenda kati yao wapo wanaojuta, na sina ruhusa ya kuwasemea. Lakini hata akiwepo mmoja anayelia usiku, machozi yake yanatupa haki ya kumfungia mwingine mlango?

Angalia goti bandia. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano husema hakuridhika nalo. Bado hakuna anayetaka shosho anyimwe goti. Tunachodai ni daktari aeleze wazi maumivu, kovu na gharama, halafu mwenye goti aamue. Mimi niliacha chuo. Wengi walinionya, lakini hakuna aliyetaka nithibitishe kwanza kwamba sitajuta kamwe.

Dhamana hiyo tunamdai mtu huyu pekee. Na ina madhara ambayo hatuyaoni. Kifua kipya kinaweza kumpa mtu amani na bado kimwachie kovu asilolipenda, au ngozi iliyokufa ganzi. Atasemaje hayo, kama kila lalamiko lake litageuzwa ushahidi dhidi ya wenzake walio kwenye foleni? Atanyamaza, aseme yuko poa. Kisha sisi sisi tuseme takwimu za kuridhika haziaminiki!

Ukitaka jibu la kweli kutoka kwa mgonjwa, mhakikishie kwanza kwamba jibu lake halitamwadhibu mtu. Siku atakapoweza kusema "3 kwa 5" bila hofu, ndipo tutaiamini 5 yake bila shaka. Na majuto yakija, basi ni mjukuu wake. Atamlea mwenyewe, kama sisi tunavyowalea wetu.