Tumbo Lilipofunga

Fundi seremala mmoja wa Tanga alihara damu kwa wiki tatu. Mtaa mzima ulisema ni amiba. Akameza dawa ya amiba, akarudia dozi, na hakuna aliyempima choo. Haja ikafika mara kumi kwa siku. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, twende hospitali." Yeye akaenda duka la dawa, akapewa vidonge vya kufunga tumbo. Kesho yake kuhara kukakata, na nyumbani wakamshukuru Mungu.

Hakuwa na amiba. Utumbo wake mpana ulikuwa umejaa vidonda vya ugonjwa ambamo kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe. Utumbo wenye vidonda hivyo ukifungwa kwa dawa unaweza kupooza, ukajaa hewa na kutanuka. Jioni tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, mapigo ya moyo 130, naye anaweweseka. Hospitali, eksirei ilionyesha utumbo umetanuka sentimita 9. Ukivuka 6 kwa mgonjwa wa namna hii, tayari ni hatari, maana ukitoboka kinyesi humwagika tumboni.

Daktari wa upasuaji alitaka kuukata utumbo mpana usiku uleule, na kuutoa mwisho wa utumbo mwembamba nje ya tumbo ili haja iingie kwenye mfuko. Kaka mtu akagoma: "Daktari, kijana huyu aishi na mfuko wa choo? Tusubiri dawa kwanza." Aibu ile naielewa, ila kuipa nafasi ya kuamua ni kosa kubwa. Alfajiri utumbo ukatoboka. Akapasuliwa vilevile, akapewa mfuko uleule, lakini sasa na usaha tumboni, damu ya kuongezewa, na siku nyingi za kupumua kwa mashine katika chumba cha mahututi.

Dalili za kumkimbiza hospitali mgonjwa kama huyu zinajulikana tangu 1955, walipozichapisha madaktari Truelove na Witts wa Oxford: haja zenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa, upungufu wa damu au mapigo yanayozidi 90. Angefika mapema, angepimwa choo, akawekewa dawa ya haidrokotisoni kwenye mshipa, na siku ya tatu madaktari wangeangalia kama inamsaidia. Isingemsaidia, upasuaji ungepangwa mchana, naye angeingia chumba cha upasuaji akiwa na nguvu za kuuliza maswali yake mwenyewe.