Anayetaka Kibanja Abebe na Uzee

Tarehe 24 Agosti 1988, wilayani Muleba mkoani Kagera, mwanamke mzee aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilokuwa amerithi kwa baba yake kwa wosia. Nguvu zilikuwa zimemwishia na hakuwa na wa kumtunza. Mnunuzi, mtu asiye wa ukoo, alilipa shilingi 300,000. Kesho yake Bernardo Ephrahim, ambaye Holaria alikuwa shangazi yake, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo.

Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawasawa na mwanamume. Wanasheria wanaienzi hukumu hiyo kwa kutetea haki za wanawake, nao wana sababu. Mimi hunikalia moyoni jambo jingine. Mzee alikuwa hana mtunzaji, lakini ardhi yake ilipata mtetezi ndani ya siku moja.

Muleba inapakana na Biharamulo, na ukiendelea kuelekea mpakani unafika Ngara. Wasubi, Washubi na Wahangaza wa huko wana mila zao, lakini swali la mzee na ardhi yake linabisha hodi kwao pia. Mtu amelima tangu ujana. Kahawa ikazaa bati, matofali ya kuchoma yakazaa kuta, migomba ikaizunguka nyumba, na wazazi wake wamezikwa palepale. Leo jembe limemshinda. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wa miaka 70 na kuendelea pensheni jamii. Bara tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, lakini mkulima hana pensheni ya namna hiyo. Akiba yake yote imesimama ukutani na shambani. Je, anaruhusiwa kuila?

Uingereza na Marekani mzee anaweza kukopa kwa dhamana ya nyumba yake, akaendelea kuishi humo, na deni likalipwa nyumba itakapouzwa baada ya kifo chake. Kwetu, hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inaweza kuwekwa dhamana, ila mkopo hudai marejesho. Mzee asiye na kipato akiweka rehani paa lililo juu ya kichwa chake, anaweza kujikuta nje.

Kwa hiyo wazee wamejitafutia njia. Pale Nyakanazi, Benaco na Rusumo, kwenye barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, chumba cha mbele kina thamani. Utaona ukuta wa zamani umetobolewa mlango wa pili, saruji mbichi imezunguka fremu, na ndani mna kitanda, ndoo na kamba ya kuanikia nguo. Mpangaji ni kijana wa bodaboda. Mwisho wa mwezi humkabidhi bibi kodi yake, nayo inageuka sabuni, chumvi, dawa za presha na madaftari ya mjukuu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengine, walio mbali na barabara, humpa kijana sehemu ya shamba alime, naye awachotee maji na kuwapasulia kuni. Na wapo wanaouza kipande.

Hapo ndipo maneno huanza. "Bibi, ukiuza sisi tutakwenda wapi?" Swali hilo ni zito na halistahili kubezwa. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983. Baada ya hapo mababu na mabibi wengi walirudia ulezi, wakiwashika wajukuu ambao wazazi wao wamelala kaburini. Kwa yatima kama hao, kibanja, yaani shamba la nyumbani, ndicho mzazi aliyebaki. Mzee anayekubali kulala njaa kuliko kuuza anajua anachokilinda.

Wengine hunena kwa mfano wa mgomba: mama akishazaa mkungu hukatwa, chipukizi likachukua nafasi. Mimi mfano huo siukubali. Mzee si mgomba, ni mkulima aliyeupanda, na mkulima hula shambani mwake mpaka siku yake ya mwisho.

Tuirudie hukumu ya 1990. Jaji hakuufungia ukoo mlango. Alimpa Bernardo miezi sita ya kulikomboa shamba, kwa sharti la kumrudishia mnunuzi shilingi zake 300,000. Amri hiyo ina hekima kubwa. Fedha zile zilikuwa chakula na matunzo ya mwanamke mzee, kwa hiyo ukoo uliotaka ardhi ulitakiwa ubebe gharama ya uzee wa aliyekuwa ameitunza. Kuidai ardhi na kumtunza aliye juu yake ni mkataba mmoja. Anayeshika upande mmoja na kuuacha wa pili ameuvunja, hata kama anatamka jina la mababu.

Basi familia na ikae kikao wakati mzee bado ana sauti. Watoto waulizwe bila kuzungushana nani ataleta nini, kila mwezi. Wasipoweza, mzee apangishe, akodishe au auze sehemu bila kuitwa msaliti. Mambo yaandikwe: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijauzwa wala kuwekwa rehani, na ardhi ya kijiji haihamishiwi mtu asiye mwanakijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Na mzee abaki na jina lake kwenye hati pamoja na chumba chake, maana aliyekwisha kugawa vyote huanza kuomba.

Urithi ni kile kinachobaki mzee akishaishi vizuri. Kilichopatikana kwa kumnyima mwenyewe ni deni, na warithi watalirithi pamoja na shamba.