Mnazi na Aliyeupanda

Aghalabu barazani Kilindoni, baada ya sala ya alasiri, mazungumzo yanapoelekea kwenye ukwasi na ufukara, husikika rai mbili: ya wazee wenye mashamba, kwamba vijana wa leo ni wavivu wanaotaka kuvuna wasipopanda, na ya vijana, kwamba kila tajiri ana siri yake, ama ya dhuluma ama ya uchawi. Nimezisikiliza kwa muda mrefu, na naona zote mbili zinaukimbia ukweli, kwa kuwa ya kwanza huufanya utajiri wote kuwa ujira wa jasho, na ya pili huufanya wote kuwa haramu, ilhali hapa Mafia asili ya mali imesimama wazi mbele ya macho yetu, nayo ni mnazi.

Mnazi wetu wa kienyeji haumpi mpandaji nazi ya kwanza ila baada ya miaka sita au saba, kisha huzaa kwa miaka 60 na zaidi. Basi anayeangua leo, mara nyingi, anaangua alichopandiwa. Na waliopanda ni kina nani? Katika karne ya 19, chini ya dola ya Unguja, matajiri wa Kiomani walifungua mashamba makubwa ya minazi kisiwani, na mikono iliyochimba mashimo na kuitunza miche ilikuwa ya watumwa, watu wasiolipwa hata pesa moja, ambao hali yao haikufutwa kabisa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Simlaumu anayemiliki shamba leo kwa halali, kwa kununua au kwa mirathi. Walakini nasema kwamba hakuna mwenye mali kisiwani humu awezaye kudai kwa insafu kuwa kila alicho nacho kimetoka katika kiganja chake.

Kadhalika kwa desturi yetu ardhi huweza kuwa ya ukoo na mnazi ukawa wa mtu, hata kijana akawa na haki ya kulima mpunga mahali pasipo na mti wake hata mmoja, akingoja mirathi ambayo huenda ikamfikia mvi zikiwa zimekwisha kumtoka. Akigeukia bahari, anakuta kwamba tangu mwaka 1995, ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza katika nchi, yapo maeneo asiyoruhusiwa kutega. Na ingawa hifadhi ina manufaa yake, na wageni huja kumtazama potwe, faida iliyo kubwa humwendea mwenye rasilimali ya kununua mashua na kujenga hoteli, na kijana hubaki kibarua. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndiyo maana wa kwanza humwita wa pili mvivu.

Wazee hawa waliliishi Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililowakataza viongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni na kupangisha nyumba; vijana wengi wamezaliwa baada ya masharti hayo kulegezwa na kikao kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991, na hawajapata kuona kiongozi akiambiwa kwamba mali yake ina mpaka. Basi si ajabu wakishuku kila neema.

Wapo wanaozima hoja yote kwa kusema kwamba riziki ni ya Mola. Ni kweli, lakini mgawanyo wake amekabidhiwa mwanadamu, na ndiyo maana zaka ya fedha, asilimia 2.5 kwa aliyetimiza nisabu, yaani kima cha mali kinachowajibisha zaka, na mwaka wa kuimiliki, ni haki ya fukara wala si hisani ya tajiri. Anayetaja kudra ili asitoe anamsingizia Mola ubahili wake mwenyewe.

Nawasihi wazee wenzangu wenye minazi wawape vijana sehemu yake kwa hiba wangali hai, wakati nguvu za kupalilia na kupanda upya zingalipo, na watoe zaka kwa hesabu. Tukishatenda hayo, ndipo tutakapokuwa na haki ya kuwauliza vijana wamepanda nini.