Samweli Alikimbilia Kwa Nani?

Somo: 1 Samweli 2:18–26 na 3:1–18
Mahubiri ya Jumapili iliyopita, ibada ya pili

 

Wapendwa, swali limetoka kwa vikundi vya nyumbani, na limetoka zaidi ya kikundi kimoja: je, watoto wetu wadogo wamepewa simu na tableti kupita kiasi? Nitajibu mapema ili usikae ukingoja. Ndiyo. Kwa nyumba nyingi zilizo hapa ndani, ndiyo. Lakini kabla hujaenda nyumbani kumnyang'anya mtoto simu na kuifungia kabatini, fungua kwanza Samweli wa kwanza, sura ya 3. Kama huna Biblia, chungulia ya jirani. Na wewe unayesoma kwa simu, soma, leo sikusemi.

Samweli ni mtoto, analala Shilo katika nyumba ya Bwana. Ni usiku, taa haijazimika bado. Anaitwa kwa jina. Anaruka kitandani, anakimbia mpaka kwa mzee Eli: umeniita, niko hapa. Eli anamwambia rudi ulale, sijakuita. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu vivyo hivyo. Sasa tazama mstari wa 7, huo watu huupita mbio. Unasema Samweli alikuwa bado hajamjua Bwana. Maana yake ni nini? Alikuwa mtoto mzuri, anatumika hekaluni, lakini sauti hakuweza kuzitofautisha. Ile ya Mungu aliidhani ni ya Eli. Mtoto ni mtoto, hata akiwa Samweli.

Alichokuwa nacho ni mtu wa kumkimbilia. Na Eli, pamoja na makosa yake yote, ni mzee ambaye macho hayaoni vizuri, ameamshwa mara tatu usiku mmoja, na hakuna mahali Biblia inasema alimfokea yule mtoto. Mara ya tatu ndiyo akafahamu ni nani anayeita, akamfundisha namna ya kuitika.

Mko na mimi? Sasa twende kwako. Ni saa tano usiku. Taa ya chumba imezimwa lakini chini ya blanketi kuna mwanga. Huko ndani mtoto wa miaka tisa anaitwa, tena kwa jina. Vidio moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe, hajabonyeza kitu. Anacheza gemu na watu asiowajua, na kuna mmoja anamwambia mimi pia niko darasa la nne, nitumie picha yako. Huyo wa darasa la nne anaweza kuwa na ndevu. Mtoto wako hawezi kutofautisha hiyo sauti, kama Samweli hakuweza. Swali langu ni moja: akishtuka, atakimbilia kwa nani?

Wengi hawatakimbilia kwetu, tuseme ukweli. Mwingine akija anamkuta baba naye ameinamia simu yake, anaambiwa "ngoja kidogo," na hiyo kidogo haiishi. Mwingine anajua akifungua mdomo atapigwa kwanza, aulizwe baadaye. Mtoto anayejua ukweli utamletea kiboko hujifunza kufuta. Anafuta ujumbe, anafuta picha, asubuhi unamwona amevaa yunifomu anakunywa chai, unasema mtoto wangu hana shida.

Sitaki tulaumiane bure. Hii simu iliingiaje? Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2021. Walimu walituma masomo kwa WhatsApp. Mzazi aliyekuwa na mulika mwizi alijinyima akanunua simu kubwa ili mtoto asibaki nyuma. Iliingia kama kitabu. Shule zilipofunguliwa, kitabu hakikurudi kabatini. Ikaja kazi ya nyumbani ya CBC: piga picha, tafuta kwa mtandao, tuma kwa kikundi cha darasa.

Halafu kuna mama wa sokoni. Anatoka saa kumi alfajiri kuchukua sukuma na nyanya, anarudi usiku. Ploti imejengwa mpaka ukingo wa barabara, hakuna mahali pa mtoto kurusha mpira. Nje kuna bodaboda na mtaro uliofunguka. Anamwachia mtoto simu na kufunga mlango. Watu wa nyumba kubwa wanamcheka huyu mama. Mimi simcheki. Ninauliza kanisa: sisi ambao ukumbi wetu umefungwa kwa kufuli Jumatatu mpaka Ijumaa, tunamcheka kwa lipi? Wazee wamekubali ukumbi ufunguliwe mchana likizo hii, na akina mama wa shule ya Jumapili wameshagawana zamu. Mpira upo. Kamba za kuruka zipo. Leteni watoto.

Turudi sura ya 2, mstari wa 19. Hana, mama yake Samweli, alimshonea mtoto kanzu ndogo na kumpelekea kila mwaka. Kila mwaka! Kwa nini? Kwa sababu mtoto anakua. Alijua kipimo cha mwanawe ingawa hakuishi naye. Sisi tunaishi nao chumba kimoja na tumewavisha kanzu ya mtu mzima. Ile simu unayompa atulie ukipika ugali ndiyo ile ile yenye M-Pesa yako, yenye mikopo ya simu, yenye matangazo ya kamari, yenye yale mazungumzo ya chama ambayo hungetaka hata mchungaji ayasome. Wengine mmenyamaza.

Kipimo kipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja, skrini hapana kabisa. Wa mwaka mmoja pia wanashauri asiwekwe mbele ya skrini. Wa miaka 2 mpaka 4, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Wenye TikTok, Facebook na Instagram wenyewe wameweka miaka 13. Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa mwenye akaunti, kuna mtu aliandika mwaka wa kuzaliwa wa uongo. Saa nyingine ni mtoto. Saa nyingine ni mzazi aliyeokoka, aliyejazwa Roho, ameandika mwanawe alizaliwa 2000! Australia wamekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025, sheria yao inataka mitandao mikubwa izuie akaunti za watoto wa chini ya miaka 16. Wale hawakufanya mkesha. Waliangalia tu watoto wao.

Lakini wako wanaohubiri kwamba simu ni pepo. Siendi huko. Mhubiri anasema simu ni ya shetani, akimaliza anatangaza nambari ya kutuma sadaka kwa hiyo hiyo simu! Kuna watoto hapa wanaomwona nyanya yao aliye kijijini kila Jumapili jioni kwa sababu ya simu. Hicho si kitu kidogo. Shida ni kipimo, na shida ni nani aliye karibu.

Eli pia ana upande wa pili, na hatuwezi kuuruka. Wanawe walipoharibika, habari alizipata kwa watu. Akawaambia maneno, wakakataa, akaachia hapo. Sura ya 3 mstari wa 13, Mungu anasema hukumu ni kwa sababu Eli alijua na hakuwazuia. Kuna wazazi huniambia, "Pasta, nimemwambia aache." Umemwambia. Na simu iko wapi sasa hivi? Kwa mkono wake. Kuambia na kuzuia ni vitu viwili.

Kwa hiyo anza na usiku. Saa tatu, simu zote zichajiwe mahali pamoja sebuleni, na ya baba pia, na ya mama pia. Ukiificha yako chini ya mto wako, mtoto ataiona. Katika Kumbukumbu la Torati 6:7 Musa anataja nyakati za kuongea na watoto habari za Mungu: mkiwa mmekaa nyumbani, mkiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Hesabu vizuri. Ni zile zile nyakati nne ambazo simu imezichukua. Kwa matatu kila mtu ameinama. Kitandani, kila mtu ameinama. Rudisha moja tu wiki hii.

Na mtoto akija akuambie kuna mtu amemtumia kitu kibaya au amemtaka picha, usimpige. Usifute ule ujumbe, ni ushahidi. Piga 116, ni nambari ya watoto, haina malipo, mchana na usiku. Nenda polisi au ofisi ya watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 imetaja unyanyasaji wa mtandaoni waziwazi, hujaenda kuomba huruma ya mtu.

Mwisho, mstari wa 15. Kulipokucha Samweli aliogopa kumwambia Eli alichosikia usiku, kwa sababu kilikuwa kibaya, tena kilimhusu Eli mwenyewe. Eli akamwita, akamwita mwanangu, akamtaka asimfiche neno lolote. Na mtoto akasema yote. Yule mzee hakumrukia. Aliikubali habari ile kutoka kwa mdomo wa mtoto, ingawa ilikuwa hukumu juu ya nyumba yake.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: someni sura ya 3 pamoja na watoto, na mtoto ndiye asome kwa sauti. Mkifika mstari wa 17, msimame. Kila mzazi amuulize mwanawe kama kuna jambo amewahi kuliona kwa simu akaogopa kulisema. Halafu mnyamaze, mumpe nafasi. Baba asijibu kabla mtoto hajamaliza.