Mwamuzi wa Watoto

Kazi ya mwamuzi katika mchezo wa watoto hudhaniwa kuwa nyepesi kwa sababu wachezaji wenyewe ni wadogo. Dhana hii haina msingi. Mtu mzima aliyeonewa uwanjani hurudi nyumbani na hasira ya siku moja. Mtoto aliyeonewa yamkini akarudi na imani kwamba haki haipo duniani.

Tuutazame mchezo wa besiboli kama uchezwavyo na watoto wa Marekani katika Little League, chama kilichoanzishwa na Carl Stotz mjini Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939. Mrushaji husimama futi 46 kutoka kibao kilicholazwa chini mbele ya mpigaji, ambacho upana wake ni inchi 17. Mpira upitao juu ya kibao hicho, kati ya makwapa na magoti ya mpigaji, ni straiki, hata kama hakuinua gongo lake. Straiki tatu humtoa. Mipira minne iliyokwenda kombo, naye asiipige, humpa njia ya kwenda kituo cha kwanza bila ya jasho. Anayepambanua ulionyoka na uliokwenda kombo ni mwamuzi, ainamaye nyuma ya mdakaji, na muda wake ni kufumba na kufumbua. Hukumu ya macho yake haina rufani.

Sasa fikiri, msomaji, kwamba mpigaji ni mtoto dhaifu wa miaka 10, ambaye hajaugusa mpira kwa gongo tangu msimu uanze. Amekwisha kupata straiki mbili, na machozi yanamlengalenga. Mpira wa tatu umepita ukingoni mwa kibao, lakini umepita. Je, mwamuzi aufumbie macho? Moyo husema ndiyo. Mimi nasema la. Futi 46 kutoka hapo yuko mtoto mwingine, ambaye pengine amefanya mazoezi mwezi mzima ili aufikishe mpira ukingoni pale. Huruma apewayo mmoja imetolewa katika mfuko wa mwenziwe. Mwamuzi hana mali yake uwanjani ya kutolea sadaka.

Hata hivyo, huruma haikufukuzwa mchezoni. Mahali pake ni katika sauti na subira. Mwamuzi mwema hutamka straiki kwa sauti ya kutangaza, si ya kushutumu. Humngoja mtoto afunge kamba za viatu. Humweleza kanuni asiyeijua. Wazazi wakipiga kelele hakasiriki upesi, kwani anajua kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini hakubali kelele zao zihukumu badala yake.

Na akikosea? Kanuni humruhusu kumwuliza mwamuzi mwenziwe kabla ya kukata shauri, wala asione haya kuuliza. Shauri likisha kukatwa, asijaribu kulipa kosa kwa kosa kwa kuupendelea upande aliouonea. Makosa mawili hayazai haki moja. Huzaa watoto wawili walioonewa.

Tunao mfano kwa watu wazima. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo, akabakiwa na mmoja tu akamilishe mchezo usio na doa. Mwamuzi Jim Joyce akasema kuwa yule wa 27 amewahi kituoni, kumbe hakuwahi. Baada ya mchezo Joyce alitazama picha, akakiri kosa lake hadharani, akamwomba Galarraga radhi. Hukumu haikubadilishwa. Kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea orodha ya wachezaji, na Joyce akaipokea huku akifuta machozi.

Galarraga hakurudishiwa alichopoteza, lakini alipata heshima ya kuambiwa kweli na yule aliyemkosea. Mtoto naye anastahili heshima hiyo. Mwamuzi asiyekosea hajazaliwa. Tumtafutie mtoto mwamuzi asiyependelea kwa huruma, wala asiyekana kosa lake kwa kiburi.