Mjane na Jina Lake

Yako maswali ambayo mtu huona haya kumwuliza padre, lakini huyasoma kwa hamu katika vitabu vya hadithi. Mojawapo ni hili: Mjane ambaye jina lake limekwisha chafuliwa kwa maneno ya watu, je, yafaa apendwe tena? Na mwanamume asemaye kwamba ampenda, ana deni gani kwake?

Swali hilo ndilo linaloendesha hadithi nyingi za mapenzi zitungwazo juu ya Uingereza ya zamani. Tangu mwaka 1811 hadi 1820 Mfalme George wa III alikuwa mgonjwa wa akili, na mwanawe wa kwanza alitawala kwa niaba yake. Waingereza hukiita kipindi hicho Regency. Mwaka 1935 mwandishi Georgette Heyer alitoa kitabu chake Regency Buck, na baada yake hadithi za miaka ile zimekuwa kama mto usiokauka. Tangu mwaka 2020 filamu za Bridgerton zimezifikisha hata kwa vijana wasiopenda kusoma. Katika hadithi hizo mjane mwenye sifa mbaya hurudi mara kwa mara. Mumewe amekufa, yeye bado ni kijana, mzuri wa sura, tena ana mali kidogo. Watu wanong'ona kwamba hakumlilia marehemu, au kwamba wanaume huingia kwake usiku. Mabibi wakubwa wa mji humpa kisogo. Kisha atokea bwana mmoja ambaye, mbele ya ukumbi mzima, amnyoshea mkono na kucheza naye dansi. Mwisho wake ni arusi.

Wako wazazi wasemao: Huo ni upuuzi mtupu. Wako pia wasichana wasemao: Laiti maisha yangekuwa hivyo! Sisi hatutetei kila kitabu cha namna hii. Viko vinavyoufanya uzinzi kuwa mchezo, navyo havifai nyumbani mwa Mkristo. Walakini twaona kwamba katika hadithi hizo mna uwongo mmoja na ukweli mmoja, na yafaa tuvitenganishe kama apetaye mchele.

Kwanza tuulize: Kwa nini mjane? Sheria ya Uingereza ya wakati ule yatupa jibu. Msichana kwa kawaida aliishi chini ya baba yake. Alipoolewa, mbele ya sheria nafsi yake ilimezwa na ya mumewe: fedha zake zikawa za mumewe, wala hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake. Sheria za mwaka 1870 na 1882 ndizo zilizoanza kuyageuza mambo hayo. Lakini mjane alisimama mwenyewe. Alitia sahihi yake, aliendesha nyumba yake, na kwa desturi ya kale alistahili faida ya theluthi ya mashamba ya marehemu maisha yake yote, au badala yake malipo ya kila mwaka yaliyopatanwa kabla ya arusi. Uhuru huo ndio uliomtia mashakani. Kosa la msichana lilizuiwa na baba, kosa la mke lilifunikwa na mume, bali kila hatua ya mjane ilihesabiwa na mji mzima.

Si kusema kwamba kila mjane asemwaye amesingiziwa. Jane Austen, mwandishi wa miaka ile ile, alitunga katika ujana wake hadithi ya Lady Susan, mjane mwerevu na mdanganyifu kweli kweli, ambayo ilichapishwa mwaka 1871, miaka mingi baada ya kufa kwa mtungaji. Wajane ni wanadamu. Wamo wema na wabaya kama katika watu wote.

Hata hivyo mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili ni wazi. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho ya kwamba mume akifa, mke ni huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana; na kwa Timotheo alishauri wajane vijana waolewe. Basi upendo wa pili wa mjane hauna aibu yo yote. Na kuhusu jina baya, walimu wa maadili hutenga makosa mawili. Kusingizia ni kumtajia mtu kosa asilolitenda. Kusengenya ni kulitangaza kosa lake la kweli, lililofichika, pasipo sababu ya haki. Yote mawili huitwa wizi, kwa kuwa jina jema ni mali. Nasi twajua amri ya wizi: haitoshi kutubu, sharti urudishe.

Hadithi hizi za kutungwa zina mwenzao wa kweli, naye alikuwa Mkatoliki. Maria Smythe alizaliwa mwaka 1756. Mwaka 1775 aliolewa na Edward Weld wa Lulworth, ambaye alikufa baada ya miezi michache kabla ya kutia sahihi wasia wake, akamwacha mikono mitupu. Mwaka 1778 aliolewa na Thomas Fitzherbert, naye akafa mwaka 1781. Maria akawa mjane mara ya pili kabla ya kutimiza miaka 25, akiwa na nyumba mjini London na pauni 1,000 hivi kila mwaka.

Ndipo alipopendwa na George, mwana wa mfalme, yule ambaye baadaye alitawala katika kipindi cha Regency. Maria alikataa kuwa hawara. Kijana yule alijijeruhi mwenyewe kwa kumshurutisha, naye Maria akakimbilia ng'ambo kwa muda wa mwaka na zaidi. Alirudi kwa sharti la ndoa. Tarehe 15 Desemba 1785 walifungishwa sebuleni mwake na kasisi wa Kanisa la Kiingereza, milango imefungwa, mashahidi wakiwa mjomba wake na ndugu yake. Sheria ya mwaka 1772 iliibatilisha ndoa hiyo, kwa sababu mfalme hakuiridhia. Tena sheria ya mwaka 1701 ilimnyima ufalme ye yote aliyeoa Mkatoliki. Sharti hilo la ndoa liliondolewa mwaka 2015 tu. Kwa hiyo siri ilikuwa lazima kwa George. Nje ya sebule ile, mke wake alionekana kuwa mwanamke wa kuchekwa, na wachoraji wa mzaha kama James Gillray wakajipatia riziki kwa sura yake.

Mwaka 1787 George alilemewa na madeni akahitaji msaada wa Bunge. Wabunge waliuliza habari za ndoa. Rafiki yake, Charles James Fox, akiamini aliyoambiwa, alisimama akakana kabisa kwamba ndoa ile ilipata kufanyika. Bunge likatoa pauni 161,000 kulipa madeni. Hebu tulitazame jambo hili kwa macho makavu: siku ile mwanamume alilipiwa madeni yake, na fedha iliyotumika ilikuwa jina la mkewe.

Mwaka 1795 George alimwoa Caroline wa Brunswick kwa sherehe kubwa, ndoa ambayo haikuwapa amani hata kidogo. Baadaye akamwomba Maria arudi. Maria hakuwauliza mabibi wa London. Alipeleka swali lake Roma, na mwaka 1800 akajibiwa kwamba yeye ni mke halali wa mtu yule mbele ya Kanisa. Akarudi. Lakini mwaka 1811, katika karamu ya kuuanza utawala wa George, aliambiwa kwamba mezani pa mumewe hakuwa na mahali maalumu. Maria hakwenda karamuni, na huo ukawa mwisho wa maisha yao pamoja. George alipokufa mwaka 1830, alizikwa na picha ndogo ya Maria shingoni pake.

Hapo ndipo tuonapo uwongo wa hadithi nyingi, nao ni kwamba mioyo miwili ikipatana, yote yamekwisha. Je, George hakumpenda Maria? Twaamini alimpenda, picha ile yashuhudia. Lakini alimpa mapenzi yake gizani na picha yake kaburini, wala hakumpa katikati ya hayo kile alichostahili kila siku, yaani kuitwa mke mbele ya watu. Upendo uliofichwa ulimwachia mke aibu, na mume akabaki na heshima yake.

Mtu atasema: Mbona Maria mwenyewe aliikubali siri? Ni kweli, aliikubali. Lakini kukubali kunyamaza si kukubali kukanwa. Aliahidi kutotangaza, hakuahidi kwamba mwingine atasimama kutangaza uwongo juu yake. Mwingine atasema: Yule kijana angepoteza ufalme. Labda. Wako waliopoteza zaidi kwa ajili ya ukweli. Aliweza kuuchagua ufalme akamwacha mjane na nyumba yake na amani yake. Aliweza kumchagua mjane akauacha ufalme. Asichoweza kwa haki ni kuvishika vyote viwili na kumwachia mwenzake hasara.

Na ukweli wa hadithi hizi ni upi? Ni ile dansi mbele ya ukumbi mzima. Mtungaji, hata asipokuwa na nia ya kufundisha dini, ameona kwamba mjane aliyesemwa hadharani haponywi kwa minong'ono ya chumbani. Aliyevunjiwa jina mbele ya watu hana budi kurudishiwa mbele ya watu.

Maandiko Matakatifu yametangulia kutuonyesha hayo katika kitabu cha Ruthu. Ruthu alikuwa mjane, mgeni, maskini. Alikwenda usiku kwenye kiwanja cha kupuria nafaka alikolala Boazi. Ni nani katika Bethlehemu ambaye, kama angejua, asingepata la kusema? Boazi alifanya mambo mawili. Usiku ule alilinda jina la mwanamke, akataka isijulikane kwamba alifika pale. Na kulipokucha hakungoja. Alikwenda langoni pa mji, akaketisha wazee kumi, akamtaka Ruthu awe mke wake wote wakisikia. Siri yake ilikuwa ya usiku mmoja, tena kwa faida ya mwanamke. Siri ya George ilikuwa ya maisha, tena kwa faida yake mwenyewe. Kwa kipimo hicho ye yote aweza kupima mapenzi ya mwanamume.

Kanisa nalo limejifunza kwa uchungu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza ndoa itangazwe kwanza, kisha ifungwe mbele ya paroko na mashahidi, kwa kuwa wanawake wengi walikuwa wameolewa kwa siri na kukanwa kwa siri. Agizo hilo halikuwa limetangazwa Uingereza, ndiyo maana Roma iliweza kuitambua ndoa ya sebuleni. Ndoa ya Maria ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa na ngao. Basi msomaji asikiapo matangazo ya ndoa siku ya Dominika, asidhani ni desturi ya ofisi tu. Ni mtu amefika langoni kama Boazi.

Mfalme William wa IV, ndugu wa George, alipooneshwa cheti cha ndoa baada ya kifo cha nduguye, alitaka kumpa Maria cheo cha juu. Maria alikikataa. Alichokubali ni ruhusa ya kuvaa nguo za mjane wa George. Tena alihifadhi benki karatasi chache, kikiwamo cheti kile. Mwaka 1905, kwa idhini ya Mfalme Edward wa VII, habari zake zilichapishwa. Alikwisha kufa tangu mwaka 1837. Katika kanisa la Mt. Yohane Mbatizaji mjini Brighton sanamu yake yamwonyesha akisali, na kidoleni ana pete tatu. Waumini wa pale walijua alikuwa nani, hata kama Bunge lilikuwa limekanushiwa.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, mwanamume anayemwendea mjane na ajiulize swali moja tu: Niko tayari kuonekana naye mchana? Kama hayuko tayari, asimwendee usiku. Mjane naye asiridhike na ahadi inayoogopa mashahidi, hata ikiwa tamu. Na sisi majirani, tuliosema au tuliocheka wengine waliposema, tukumbuke kwamba kitubio hakitufutii deni la jina la mtu. Tulilolisema kisimani turudi tukalikanushe kisimani, na tulilolisema barazani tukalikanushe barazani, maadam yeye yu hai apate kusikia.