Bidii Ni ya Nani?

Tunapomsifu mtu kwa bidii, au kumlaani kwa uvivu, tunamsifu na kumlaani nani hasa? Wengi hulipuuza swali hili kwa kuwa jibu laonekana wazi: mtu ni nia yake. Mimi nilianza kulitilia shaka penye bwawa la samaki, nje kidogo ya Mwanza, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa kambale.

Kambale mumi wa Ziwa Victoria hutaga wakati wa mvua, mito ifurikapo na maji kuingia nyasini. Akifungwa bwawani hujaa mayai tumboni lakini hatagi. Si ukaidi, amri haijatoka. Basi mfugaji humwua kambale mwingine aliyepevuka, humtoa kitezi kidogo kilicho chini ya ubongo, hukisaga katika maji ya chumvi, kisha humdunga jike sindano mgongoni. Maji yakiwa ya uvuguvugu, baada ya takriban nusu siku mayai humtoka kwa kukamuliwa tu. Na mvua haijanyesha hata tone.

Kitezi hicho, pituitari, nasi tunacho. Ni kadiri ya punje ya njegere, nacho kimelala ndani ya kishimo cha mfupa, nyuma ya pua. Juu yake iko sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo hupima joto la mwili, njaa, hofu, usiku na mchana, kisha huiagiza pituitari. Pituitari nayo huamrisha tezi ya shingoni, tezi zilizo juu ya figo, ovari na maziwa ya mama. Homoni za huko zikitosha katika damu, wakubwa hao wawili hulitambua jambo hilo na kupunguza amri zao. Ni serikali inayowasikiliza raia wake, jambo adimu.

Mimba inapokua, pituitari nayo huvimba na kuhitaji damu zaidi. Mwaka 1937 Harold Sheehan, daktari wa Glasgow, alieleza jinsi mzazi aliyevuja damu nyingi mno anavyoweza kupona yeye, kitezi kikafa.

Ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, mke wa binamu yangu alijifungua nyumbani na damu ikamtoka mpaka akazimia. Alipona. Lakini maziwa hayakuja, mtoto akalelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Hedhi haikurudi. Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kufika shambani akawa wa kuota jua saa nne, amejitanda khanga mbili, anasema kwa uzito kama mtu aliyetoka usingizini. Wengine walisema amelogwa. Wengi zaidi walisema mvivu, na neno hili la pili lilimuumiza kuliko lile la kwanza, maana aliyelogwa huonewa huruma. Mwaka wa tatu mumewe alimrudisha kwao, na ng'ombe wa mahari wakaanza kudaiwa.

Ni huko kwao alikopelekwa hospitali ya mjini, damu ikapimwa, akaanzishiwa vidonge: kwanza vya kuziba pengo la tezi za juu ya figo, halafu vya tezi ya shingoni. Miezi michache baadaye alikuwa analima tena, na kugombana na majirani kama zamani.

Watu walifurahi, wakasema amerudia utu wake. Hapo ndipo ninapokwama. Ikiwa uvivu ule haukuwa wake, bidii hii ni yake kwa haki gani? Mimi husifiwa kwa kuamka alfajiri. Kumbe kabla sijafumbua macho, haipothalamasi imekwisha kuagiza, na homoni ya kuniamsha imepanda katika damu yangu. Sifa hiyo naipokea kila siku bila kuuliza ni ya nani. Sisemi lawama ifutwe. Mlevi anayepiga watoto asije akajificha nyuma ya tezi. Nasema tu kwamba tunaona haraka mwili katika kosa la mtu tumpendaye, na hatuuoni kabisa katika sifa zetu.

Binamu yangu alikuja kumfuata mkewe. Wazee tulikaa kutwa nzima tukijadili faini na ng'ombe. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akauliza moja tu: "Baba watoto, siku vidonge vikikosekana, utanirudisha tena?"

Binamu yangu alitazama chini. Mpaka jioni alikuwa hajajibu.